Mwaka wa pauni ya dhahabu unaonekana mara mbili: tafuta chanzo kabla ya kutaja bei

Pauni nyingi za dhahabu zilizobaki kwenye makabati ya Kampala, Jinja na Mbale hazikununuliwa na wakusanyaji. Zilikuja kama pesa, enzi ambazo pauni moja ilihesabiwa kwa rupia 15, kisha zikageuka vidani. Zikalehemewa vitanzi, zikavaliwa harusini, zikang'arishwa kila Idi ilipokaribia, zikarithiwa na binti na baadaye mjukuu. Kwa hiyo mtu akimletea sonara pauni na kusema, "Tazama, hapa kuna 8 juu ya 7," huenda ameshika sarafu inayotafutwa na wakusanyaji, au ameshika kovu la tupa la fundi aliyekwisha kufa zamani.

Hapa tutaanzia kwenye kile unachokiona, kisha tutarudi nyuma kukitafutia sababu. Mifano mingi ni ya pauni ya Kiingereza kwa kuwa ndiyo tunayokutana nayo zaidi, ila kanuni zinafaa hata kwa dola ya Marekani, pauni ya Kruger (ya Transvaal, Afrika Kusini) na lira ya Kituruki.

Vifaa si vingi: lenzi ya sonara ya mara kumi, taa moja inayoweza kuwekwa pembeni, kalipa ya kupimia kipenyo, na mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Kama sarafu ina mafuta au unga wa polishi, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, isuuze, kisha ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini. Usiisugue. Dawa ya meno, majivu na brashi vitafuta alama ndogo ambazo ndizo unazozitafuta.

Mwaka uliingiaje kwenye sarafu?

Sarafu hugongwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Kilichochongwa ndani ya muhuri hutokeza nje kwenye dhahabu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, muhuri wa kazi ulitolewa kwenye muhuri mama ukiwa na picha, lakini mwaka, wote au tarakimu zake za mwisho, uliongezwa na fundi kwa panchi na nyundo. Aliyewahi kumtazama fundi wa Katwe akigonga namba kwenye chasisi ya gari anajua yanayoweza kutokea: panchi inateleza, namba inakaa upande, fundi anairudia palepale. Tofauti ni kwamba chasisi ni moja, ilhali muhuri mmoja uligonga maelfu ya sarafu, na zote zilitoka na kosa lilelile.

Panchi ya ziada kwenye muhuri ni shimo la ziada, na shimo la muhuri ni mwinuko kwenye sarafu. Yaani kurudiwa kwa panchi huongeza dhahabu juu ya sarafu. Popote unapoona dhahabu imebonyea, imekwanguliwa au imelazwa, chanzo ni kingine.

Kuna kivuli cha tarakimu pembeni ya tarakimu

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi na inayobishaniwa zaidi. Unaona 5, na pembeni yake kuna mstari mwingine unaofuata umbo lake. Vyanzo vikubwa ni vitatu.

Cha kwanza ndicho kila mtu anakitaka: panchi iliyorudiwa. Fundi aligonga, akaona tarakimu imekaa vibaya, akasogeza panchi na kugonga tena. Kwenye sarafu, mabaki ya pigo la kwanza yana mgongo wa mviringo na yanapanda yenyewe kutoka kwenye uwanja, yaani sehemu bapa tupu ya sarafu. Tazama ncha za tarakimu, hasa mguu wa 1 na mkono wa 5. Pale utaona kona mbili zilizotenganishwa na mfereji mwembamba. Tarakimu kuu imebaki na unene wake wote, na kivuli kimeongezeka nje yake. Kwenye pauni za Malkia Victoria, kwa kawaida ni tarakimu moja au mbili tu zilizoathirika, kwa sababu kila moja ilikuwa na panchi yake.

Cha pili ni mtikisiko wa mashine. Muhuri uliolegea uliruka au kuteleza kidogo mara tu baada ya kugonga, ukasukuma ukingo wa tarakimu ambayo ilikuwa imekwisha kusimama na kuulaza. Hapo unaona ngazi bapa, iko chini karibu na uwanja, inang'aa kama imepitishwa kisu. Tarakimu iliyo juu yake imekonda, kwa sababu ngazi hiyo ilikatwa kwenye mwili wake. Ngazi zote zinaelekea upande mmoja, na mara nyingi herufi za jirani nazo zinazo. Hii haiongezi bei hata shilingi.

Namna ya kuzitenganisha: weka taa pembeni, shika sarafu kwa ubavu, na uizungushe polepole huku jicho likiwa kwenye lenzi. Ngazi bapa huwaka yote kwa pamoja kisha huzimika yote kwa pamoja. Mgongo wa panchi huwa na mstari mwembamba wa mwanga unaotembea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ninakiamini kipimo hiki kuliko picha yoyote ya simu, maana simu hupenda kuongeza ukali wa kingo na kutengeneza vivuli ambavyo havipo.

Cha tatu ni muhuri uliochoka. Baada ya kugonga sana, kingo za mashimo ya tarakimu hulika na dhahabu huanza kutiririka vibaya. Kivuli chake ni kinene, hakina mpaka unaoeleweka, na huelekea ukingoni mwa sarafu. Uwanja unaozunguka mwaka nao una mikwaruzo midogo inayotawanyika kwenda nje, au una vinundu. Ukiona uwanja wa namna hiyo, acha kutafuta panchi.

Kuna tarakimu nyingine kabisa chini ya tarakimu

Hapa ndipo pesa zilipo, na kwa sababu hiyo ndipo macho yanapoona kisichokuwepo.

Chuma cha mihuri kilikuwa ghali na kazi ya kukichonga ilikuwa ndefu. Muhuri wa mwaka uliopita uliobaki mzima haukutupwa. Fundi alisawazisha tarakimu ya mwisho kadiri alivyoweza na kugonga ya mwaka mpya juu yake. Pauni ya 1843 ipo yenye 3 juu ya 2. Pauni ya ngao (yenye ngao upande wa pili wa kichwa) ya kiwanda cha Melbourne, Australia, ya 1872, mwaka ambao kiwanda hicho kilianza kazi, ipo yenye 2 juu ya 1. Nchini Marekani dola tano za San Francisco za 1901 zipo zenye 1 juu ya 0, na dola tano za 1802 na 1803 zilichukua mihuri ya mwaka uliotangulia.

Usianze kwa kuuliza "naona nini?" Anza kwa kuuliza "kama kweli kuna 2 chini ya hii 3, ingeonekana wapi?" Chora 2 kwenye karatasi, chora 3 juu yake, na utie alama kwenye sehemu za 2 ambazo 3 haizifuniki. Zitakuwa mbili: shingo ya mshazari inayoshuka kuelekea kushoto, na mguu bapa chini. Kisha nenda kwenye sarafu uangalie sehemu hizo tu. Ukiona mwinuko mahali pengine, hata kama unavutia, hautokani na 2. Kwa 7 chini ya 8, tafuta kona ya juu kushoto ya 7 ikichungulia nje ya duara la juu la 8, na mshazari wake ndani ya tundu la chini. Alama moja haitoshi. Zikipatikana mbili zinazolingana na umbo lilelile la panchi, mazungumzo yanaanza.

Mantiki ya miaka nayo inasaidia. Tarakimu ya chini karibu kila mara ni ya mwaka uliotangulia. Mtu akikwambia ana pauni yenye 9 chini ya 6, mwulize muhuri wa mwaka ambao ulikuwa bado haujafika ulitoka wapi. Makosa ya ajabu yapo, kwa mfano pauni ya 1844 ambayo 4 ya kwanza iligongwa juu ya 4 iliyopinduliwa, lakini hayo yamekwisha kuchunguzwa na kuandikwa. Ya kwako ingetakiwa kufanana na moja wapo.

Anayedanganya zaidi katika kundi hili ni 8. Vipande vyembamba vya chuma vilivyozungukwa na tarakimu kwenye muhuri, yaani sehemu zinazotengeneza matundu ya 8, ya 6 na ya 0, humeguka kirahisi. Chuma kikimeguka, dhahabu hujaa pale, na kwenye sarafu unaona tundu limezibwa nusu na donge. Donge la kumeguka halina umbo la tarakimu yoyote. Halina ukingo ulionyooka wala kona. Watu hulitazama mpaka likawa 7.

Kuna mfano mmoja maarufu unaovunja maelezo haya ya panchi: dola 20 za Marekani za 1909 zenye 9 juu ya 8. Kufikia mwaka huo mwaka ulikuwa sehemu ya muhuri mama, na hakuna fundi aliyegonga tarakimu kwa mkono. Muhuri wa kazi ulikandamizwa mara moja na muhuri mama wa 1908, kisha mara ya pili na ule wa 1909. Kwa hiyo mwaka juu ya mwaka haumaanishi daima kwamba nyundo ilihusika, na kwa sarafu za Marekani za 1909 na kuendelea, mtu akikueleza habari ya panchi ya mwaka, anza kumtilia shaka.

Tarakimu ina umbo tofauti na ya pauni nyingine ya mwaka huohuo

Kabla ya kudhani ni bandia, fahamu kwamba viwanda vilibadilisha panchi katikati ya mwaka. Mwaka 1873 kiwanda cha Philadelphia kilianza na 3 ambayo vichwa vyake viwili, yaani ncha zake za juu na chini, vilikaribiana mno. Tarehe 18 Januari mwaka huo mkuu wa ugongaji, A. Loudon Snowden, alilalamika kwa maandishi kwamba 3 hiyo inasomeka kama 8. Panchi mpya zikatengenezwa, na ndiyo maana dola za dhahabu za 1873 zipo za 3 iliyofunga na za 3 iliyo wazi. Pauni ya George III ya 1820 nayo ipo yenye 2 iliyofunga na yenye 2 iliyo wazi.

Tatizo ni kwamba uchakavu huigiza tofauti hizi. 3 iliyo wazi ikisuguliwa sana, vichwa vyake hutanuka na kuonekana vimefunga. Linganisha na tarakimu nyingine za mwaka huohuo: kama 1 imepoteza kona zake, usitoe hukumu juu ya 3.

Tarakimu moja imepanda, imeshuka au imeinama

Kwa pauni ya karne ya 19, hili ni jambo la kawaida tu. Panchi moja moja, mkono wa binadamu.

Kwa dola ya Marekani hali ni tofauti. Kuanzia takriban 1840 walitumia panchi moja yenye tarakimu zote nne. Mwaka mzima unaweza kukaa juu, chini au mshazari, lakini tarakimu nne husogea pamoja. Dola 20 za miaka ya 1850 ambayo tarakimu yake ya mwisho peke yake imeinama ni sarafu ya kuchunguzwa kwa makini mno, kwa sababu huenda kuna mtu aliyeibandika au kuichonga upya.

Na kuna sarafu ambazo wanaoanza hupoteza muda kwenye mwaka wake ilhali tofauti iko kwingine. Rupia 15 za dhahabu zilizogongwa Tabora mwaka 1916, zile za tembo, ziko za aina mbili, na zinatenganishwa na mahali ambapo pambo la kulia kwenye upande wa tai linaishia: chini ya T au chini ya A ya kwanza ya neno OSTAFRIKA. Mwaka wake haukusaidii kwa hilo. Zilizogongwa zilikuwa 16,198 kwa jumla, na bandia zake ni nyingi, kwa hiyo pima kwanza: gramu 7.168, dhahabu ya 750 (sehemu 750 kwa 1000).

Tarakimu imefifia au haipo

Kama tarakimu moja imefifia na jirani zake ni kali, huenda shimo lake kwenye muhuri lilijaa mafuta na uchafu. Kufifia kwa namna hiyo huisha polepole, uwanja wake uko sawa na hauna mikwaruzo.

Kama mwaka wote umefifia na nywele za kichwa zimelala, sarafu imevaliwa. Basi.

Lakini kwa pauni zetu za Uganda, chanzo cha kufikiria kabla ya vyote ni kitanzi, na pauni ya ngao ina ujanja wake hapa. Mwaka wake uko upande wa kichwa, chini ya shingo ya Malkia, na pande mbili za sarafu zimepinduliana: ukiizungusha kwa mhimili wa kusimama, upande wa pili unatokea kichwa chini. Aliyetaka ngao ikae wima kifuani alilehemu kitanzi juu ya taji la ngao. Upande wa pili, mahali hapo ni chini kabisa, penye mwaka. Lehemu ikatiririka hadi kwenye tarakimu, na kitanzi kilipoondolewa tupa ikapita juu yake. Kinachobaki ni donge dogo lenye rangi ya manjano iliyopauka au nyekundu kidogo, linalogusa miguu ya tarakimu za katikati. Kwenye lenzi linaonekana limeinuka, tena lina mgongo wa mviringo, kwa hiyo linaweza kumpotosha hata mtu aliyezoea.

Hajati mwenye pauni kama hiyo atakwambia kwa uhakika wote kwamba mwaka uliandikwa mara mbili. Usibishane naye. Mwombe ruhusa, geuza sarafu, mwonyeshe ubavu: "Hajati, hebu tazama haya meno ya pembeni, yamezunguka vizuri mpaka hapa, halafu yamejaa." Meno ya ubavuni yakiwa yamezibwa au yamelainishwa mkabala na mwaka, chanzo ni lehemu. Muhuri wa mwaka hauna namna ya kuziba meno ya ubavu.

Namba imebonyea ndani ya sarafu

Hii haikutoka kwenye muhuri. Kuna mtu aliyegonga panchi juu ya sarafu yenyewe. Mara nyingi ni alama ya sonara, namba ya rehani, au mchezo wa mtu asiyejua anachoharibu.

Kisa kimoja kinaifanya dalili hii isitupwe harakaharaka. Serikali ya Paul Kruger, rais wa Transvaal, ilitaka pauni za 1899 wakati wa vita na Waingereza, lakini mihuri iliyoagizwa Ulaya ikakamatwa njiani. Wakachukua pauni za 1898 na kugonga 9 juu yake, chini ya sanamu ya Kruger. Panchi ya kwanza ilikuwa kubwa mno, ikaingia kwenye sanamu, na sarafu hiyo imebaki moja tu duniani. Wakabadilisha panchi, wakagonga 9 mbili ndogo kwenye pauni 130.

Kwa hiyo mtu akija na pauni ya Kruger ya 1898 yenye 99 iliyobonyea, mwangalie kwa heshima na kwa shaka kubwa. Panchi ya 9 inauzwa kwenye duka lolote la vifaa vya mafundi. Jambo kama hilo haliamuliwi kaunta ya sonara.

Mwaka ni mkali, lakini sarafu haifanani na umri wake

Kuna sarafu halali zenye mwaka usio wa kweli. Uingereza iligonga pauni za George V zenye mwaka 1925 tena mnamo 1949, 1951 na 1952. Ufaransa ilirudia faranga 20 za jogoo kati ya 1951 na 1960, zikiwa na miaka ya 1907 hadi 1914. Dukati za Austria zinagongwa mpaka leo zikiwa na mwaka 1915, na binamu yake wa fedha, riale ya Maria Theresa, imebaki 1780 siku zote. Hakuna tatizo la panchi hapo na hakuna udanganyifu.

Lira ya Kituruki huwachanganya watu kwa njia nyingine. Za Sultan Abdülhamid II zote zina 1293, mwaka wa Hijria alioshika utawala. Mwaka wa kugongwa unapatikana kwa kuongeza namba ndogo ya mwaka wa utawala, ukihesabu 1293 kuwa mwaka wa kwanza. Yenye ٢٥ (25) ni ya 1317, yaani karibu na 1900. Lira mbili zenye 1293 na tofauti kwenye namba ndogo ni sarafu za miaka miwili tofauti, wala si toleo adimu la mwaka mmoja.

Uwanja unaozunguka mwaka una sura tofauti na kwingine

Hii ndiyo dalili ya kutisha, na usiipite haraka.

Pauni ya London ya 1917 ni adimu sana kwa sababu nyingi zilipotea baada ya kugongwa. Za mwaka huohuo kutoka Sydney, Melbourne na Perth zinapatikana, na tofauti ni herufi moja ndogo kwenye ardhi chini ya farasi wa Mtakatifu George (kwenye pauni hizi mwaka uko upande huo), juu ya katikati ya mwaka: S, M au P. Ya London haina herufi. Ukiweza kuikwangua herufi hiyo, umetengeneza "London." Weka taa chini kabisa, karibu ilingane na uso wa sarafu, na tazama mstari wa ardhi juu ya tarakimu. Uwanja halisi una mng'ao unaotiririka bila kukatika. Uliokwanguliwa una kibonde kidogo, mikwaruzo sambamba, au doa linalong'aa kuliko jirani zake.

Kwa tarakimu iliyobadilishwa, tafuta mstari mwembamba mahali inapokutana na uwanja. Tarakimu ya muhuri inapanda kutoka kwenye uwanja kwa mteremko. Iliyobandikwa ina mpasuko mwembamba chini, na pengine rangi ya lehemu.

Kisha mizani. Pauni: gramu 7.988, kipenyo milimita 22.05. Nusu pauni: gramu 3.994, milimita 19.3. Kwa sheria ya Uingereza ya 1870, pauni iliyochakaa chini ya gramu 7.938 hivi haikuwa halali tena kulipia, kwa hiyo upungufu mdogo kwenye sarafu iliyovaliwa si kosa. Ining'inize kwa uzi ndani ya gilasi ya maji iliyo juu ya mizani, isiguse chini: mizani inapaswa kuongezeka gramu 0.45 hivi. Ikiongezeka 0.6, hiyo si dhahabu ya karati 22.

Ila mizani haimalizi kazi. Katika karne ya 20 Beirut ilitoa pauni bandia nyingi zenye dhahabu kamili, kwa sababu pauni iliuzwa kwa bei ya juu kuliko dhahabu iliyomo. Uzito wake ni sawa, kipenyo ni sawa. Zinajulikana kwa tarakimu nono zisizo na kona, vinundu kwenye uwanja, na kwa kasoro zinazojirudia. Tulisema kosa la muhuri hujirudia kwenye sarafu nyingi, na ni kweli, mradi kosa hilo limeinuka. Pauni mbili zenye kibonde au mkwaruzo uleule, mahali palepale pembeni ya mwaka, haziwezi zote kuwa zimeanguka kwa namna moja. Muhuri wao ulinakiliwa kutoka kwenye pauni moja iliyokuwa na jeraha.

Ukibaki na jibu moja

Tuseme umepita kote: mwinuko una mgongo, ubavu ni mzima, uzito ni sahihi, na alama mbili za tarakimu ya chini zinakubaliana na mchoro wako. Piga picha za mwaka ukiwa na taa upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, bila kusogeza sarafu wala simu. Kivuli cha taa kitahama, mwinuko utabaki mahali pake. Linganisha na picha za aina iliyokwisha kuandikwa, ukitazama pia nafasi ya tarakimu nyingine na nyufa ndogo za muhuri, kwa sababu sarafu za muhuri mmoja hushiriki vyote hivyo.

Sonara asiijaribu kwa asidi upande wa mwaka, na asiichane kwa tupa ubavuni. Kama ni lazima ajaribu, kuna mashine za miale zinazosoma dhahabu bila kugusa. Akikupa bei ya chakavu, hesabu mwenyewe kwanza: ndani ya pauni nzima kuna gramu 7.32 za dhahabu safi, na chochote unachodai juu ya hapo utahitaji kumwonyesha kwenye lenzi.